Mwalimu Analala Wapi?

Mnaonisikiliza kutoka Vwawa, Mlowo, Tunduma, Itumba kule Ileje, Mkwajuni, Chitete, na hapa kwetu Ruanda, karibuni tuzungumze. Ninaposema Ruanda nasema kata yetu hii ya Wilaya ya Mbozi, maana kuna Ruanda ya Mbeya mjini, na kuna nyingine kule Mbinga kwenye makaa ya mawe.

Upo msingi mmoja ninaupita mara kwa mara nikienda shambani. Ni msingi wa mawe, umefungwa vizuri, kona zake zimenyooka. Kuta zimepanda hadi usawa wa madirisha, kwa tofali za kuchoma za hapa hapa, kisha zikaishia hapo. Ndani, palipokusudiwa pawe sebule, mtu amepanda maboga. Majani yamepanda ukuta yakatokea dirishani. Watoto wa shule wakipita hapo wanapaita “kwa Mwalimu”, ingawa hakuna mwalimu aliyewahi kulala pale hata usiku mmoja.

Jengo la namna hiyo, maofisa wetu wa halmashauri wanaliita boma. Boma ni jasho la wananchi lililosimama njiani. Watu walichanga, akina mama wakasomba maji kichwani, vijana wakafyatua tofali na kulipanga tanuri, wakalilinda usiku kucha likiwaka. Makubaliano yalikuwa kwamba wananchi watainua kuta, na serikali itapaua. Mkoa huu una maboma ya madarasa, maboma ya zahanati, na haya ya nyumba za watumishi, na ukichunguza utaona ni haya ya nyumba ndiyo yanayoota magugu muda mrefu zaidi.

Nimelileta boma hili redioni jioni hii kwa sababu ya fedha za UVIKO.

Mnazikumbuka. Tarehe 10 Oktoba 2021, pale Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wenye jina refu: Mpango wa Maendeleo kwa Ustawi wa Taifa na Mapambano dhidi ya UVIKO-19. Fedha zilitoka Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, lililoidhinisha dola milioni 567 na ushee mwezi Septemba mwaka huo, ambazo kwa fedha yetu ni shilingi trilioni 1.3. Kwa kuwa tumezoea kuziita fedha za UVIKO, wapo wanaodhani tulipewa bure kama pole ya msiba. Zilikuwa mkopo. Sehemu moja hulipwa ndani ya miaka mitano, nyingine ndani ya miaka kumi, na anayelipa ni mimi na wewe, kila tunaponunua vocha ya simu na lita ya mafuta. Ndiyo maana nasema tunayo haki ya kuuliza zilikwenda wapi, na haki ya kusema zingekwenda wapi.

Nitaanza na lililofanyika, maana lilifanyika mbele ya macho yetu. Madarasa 15,000 nchi nzima kwa mpigo: 12,000 ya sekondari, na 3,000 kwenye vituo shikizi, zile shule ndogo zinazowasaidia watoto wasitembee mwendo mrefu. Kila darasa liliwekewa shilingi milioni 20, na samani zake humo humo. Nakumbuka Novemba ile. Saruji ilikuwa inatafutwa kama dawa. Lori la mchanga linashusha huku, la kokoto linashusha kule, na mafundi wetu wa vijijini, waliozoea kazi ya nyumba ya vyumba viwili, wamesaini mkataba na kamati ya shule kwa utaratibu wa fosi akaunti. Mvua za kwanza zimeshafika, wao wamefunika lenta kwa turubai na wanaendelea. Januari 2022 watoto zaidi ya laki tisa waliofaulu darasa la saba wakaingia kidato cha kwanza wote kwa mkupuo mmoja. Mzazi aliyewahi kukaa na mtoto wake nyumbani mpaka Machi, akisubiri jina litoke kwenye chaguo la pili, anajua uzito wa jambo hilo. Siku hizo nilisema hadharani kwamba kazi imefanyika, na leo narudia.

Ila darasa linafungwa saa kumi jioni. Mwalimu anafunga mlango, anatia ufunguo mfukoni. Anakwenda wapi?

Katika mgawo ule, makazi ya kulala watu yalipata kijisehemu. Upande wa elimu, uzito uliwekwa darasani, pamoja na mabweni ya watoto wenye mahitaji maalumu, nalo lilikuwa jambo la utu. Upande wa afya zilitengwa nyumba 150 za watumishi, kila moja ya familia tatu chini ya paa moja, kwa shilingi milioni 90 kila nyumba. Nyumba nzuri, sina ubishi. Lakini Tanzania Bara ina halmashauri 184. Hata kama kila halmashauri ingepewa moja tu, halmashauri 34 zingerudi mikono mitupu. Zote 150 ziligharimu shilingi bilioni 13.5, yaani kama shilingi moja katika kila shilingi mia za mpango mzima.

Shilingi moja katika mia. Nami nasema ugonjwa ule ulikuwa ugonjwa wa vyumba kabla haujawa ugonjwa wa madarasa.

Turudi Tunduma, Mei 2020. Zambia walitangaza wagonjwa 76 kwa mpigo kutoka Nakonde, ng'ambo tu ya geti, na serikali yao ikafunga mpaka. Foleni ya malori ambayo siku zote ni ndefu ikarefuka zaidi. Dereva analala ndani ya kichwa cha lori, utingo wake anatandika boksi chini ya tela, wanapika kwa jiko la mkaa pembeni ya barabara. Upande wa pili wa barabara hiyo kuna nyumba za kupanga: vyumba sita, familia sita, choo kimoja nyuma, bomba moja uani. Matangazo yakatuambia tukae umbali wa mita moja. Mama wa watoto wanne kwenye chumba kimoja cha Tunduma atawaweka wapi hao wanne kwa mita moja moja? Akiugua mmoja, wengine watakwenda kulala kwa nani? Tulitundika ndoo za maji tiririka kila mlango wa duka, tukavaa barakoa, tukajifukiza chini ya blanketi. Hayo yote tulifanya. Kuongeza chumba, hilo halikuwa kwenye mikono ya mtu mmoja mmoja.

Na Tunduma haingoji. Sensa ya 2012 iliwakuta watu chini ya laki moja pale, ya 2022 ikawakuta zaidi ya laki mbili. Ni miaka kumi tu. Yupo mpangaji anayenisikiliza sasa anayeweza kusema kodi imeshuka?

Wazee wangu mliopita elimu ya watu wazima mnaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973. Ilipita redioni kama ninavyopita mimi sasa. Watu walikaa kwa makundi wakizunguka redio moja, wakasikiliza habari za malaria, kuhara na kichocho, kisha wakanyanyuka wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka nyasi kuzunguka nyumba zao. Wale waliotunga kampeni ile walikuwa wameshaelewa kwamba afya ya mtu inaanzia alipolala. Hatukuhitaji kufundishwa upya mwaka 2020. Tulihitaji kukumbuka.

Sasa nitawaambia habari ya chumba kimoja, sitataja cha nani. Miezi kadhaa baada ya madarasa yale mapya kufunguliwa, nilimtembelea mwalimu wa hesabu, kijana aliyetoka Kanda ya Ziwa, ajira yake ya kwanza. Amepanga chumba nyuma ya duka la pembejeo, na harufu ya mbolea inapita chini ya mlango. Upana wake ni kitanda na hatua mbili. Madaftari ya kidato cha pili yalikuwa juu ya ndoo aliyoigeuza, kwa kuwa meza hana pa kuiweka. Akisahihisha anakaa kitandani, daftari gotini. Tulipokuwa tunaongea mvua ikaanza. Mnaijua mvua ya Mbozi, na mnajua bati lisilo na dari linavyopiga kelele. Tukanyamaza wote wawili, tukawa tunatazamana tu. Ilipopungua akaniambia, “Kaka, usiku wa mvua siandai somo. Nalala tu.” Na mvua zetu, msikilizaji, ni kuanzia Novemba hadi Aprili.

Akaniambia pia kwamba ameshaandika barua ya uhamisho. Sikumuuliza sababu.

Darasa analofundishia kijana yule lina sakafu ya saruji na madirisha ya vioo. Nililiona. Limejengwa kwa mkopo ambao watoto aliokuwa anawasahihishia daftari ndio watakaoumalizia. Akiondoka, hesabu ya shule ile itabaki bila mwenyewe, na darasa litabaki zuri vile vile.

Kwa muuguzi hali ni kali zaidi. Zahanati ya kijiji ipo, kitanda cha kujifungulia kipo, sola juu ya paa ipo. Mama mjamzito anafika saa nane za usiku amebebwa kwa bodaboda. Mlinzi anaikuta simu ya muuguzi imezimwa, chaji imekwisha, basi anaipanda bodaboda ile ile kumfuata kijiji cha jirani alikopanga. Kwa muda huo mama yuko kwenye benchi na mkwewe. Muuguzi angekuwa na nyumba hatua ishirini kutoka mlango wa zahanati, mlinzi angegonga dirisha tu. Waliohangaikia afya ya vijijini kabla yetu walilijua hili. Taasisi ya Benjamin Mkapa ilijenga mamia ya nyumba za watumishi wa afya katika wilaya za pembezoni miaka mingi kabla ya UVIKO, kwa hoja hiyo hiyo: mtumishi asipokuwa na pa kulala, zahanati inafanya kazi ya mchana tu.

Najua majibu yapo, na ni ya haki kuyasema. Fedha zile zilikuwa za dharura na mpango wake ulipewa miezi tisa tu. Darasa lina ramani moja nchi nzima, na fundi yeyote analijua. Watoto laki tisa hawasubiri. Mimi ningekuwa mezani siku ile, pengine nami ningeanza na madarasa. Ninacholalamikia ni kwamba hatukuwa mezani kabisa. Orodha ya vitu vya kujengwa ilishuka kutoka juu ikiwa imekamilika. Halmashauri ilipokea madarasa kadhaa na maelekezo. Diwani wa kata ambaye tatizo lake ni walimu kuhama hakuwa na mlango wa kusema, “Mimi nipunguzieni madarasa mawili, nimalizieni nyumba.” Fedha zilikuja kwa jina la serikali za mitaa, uamuzi haukuja nazo.

Wenzetu wamejaribu kwa namna nyingine. Marekani, Machi 2021, walipitisha sheria ya kujinusuru na janga, na ndani yake dola bilioni 350 zikaenda kwa majimbo, kaunti, miji na serikali za makabila ya wenyeji. Masharti yalikuwepo, lakini mji uliachiwa nafasi pana ya kuchagua. Mingi ilichagua makazi: kuwalipia kodi waliokuwa karibu kufukuzwa, kukarabati nyumba chakavu, kununua hoteli zilizokosa wageni ili wasio na makazi wapate vyumba. Miji ilipolalamika kwamba masharti ya ujenzi wa nyumba za bei nafuu yanabana, Wizara yao ya Fedha ikayalegeza Julai 2022. Na walipewa muda: hadi mwisho wa 2024 kuzifunga fedha kwenye mikataba, hadi mwisho wa 2026 kuzimaliza. Wale walitumia fedha yao na sisi ya kukopa, sisahau tofauti hiyo. Ila nyumba haijengwi kwa pupa, nao waliliona hilo. Karibu nasi, Kenya walianzisha Kazi Mtaani mwaka 2020 na kuiweka chini ya idara yao ya makazi. Vijana waliopoteza vibarua wakalipwa kwa siku kuzibua mitaro na kusafisha mitaa ya Kibera, Mathare na Mukuru. Kulikuwa na kelele kuhusu malipo kuchelewa, lakini walikuwa wameanza na mtaa anaoishi mtu.

Fedha za UVIKO zimekwisha, msikilizaji, hazirudi. Mikutano ya bajeti ya halmashauri ndiyo inayorudi kila mwaka. Mapato ya ndani yapo. Mbozi tunalima kahawa, tunalima mahindi. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa hadi asilimia tatu kwa mazao ya biashara na asilimia mbili kwa ya chakula. Kila gunia lako linalouzwa linaacha kitu halmashauri, na sehemu ya kitu hicho, kwa maelekezo ya serikali yenyewe, lazima iende kwenye maendeleo. Hapo ndipo boma langu lenye maboga linaweza kupata bati.

Tupige hesabu pamoja, kwa bei zile zile za mwaka 2021. Nyumba ya familia tatu, milioni 90, ni sawa na madarasa manne na nusu. Kwa familia moja ni milioni 30, darasa moja na nusu. Na hiyo ni nyumba inayoanzia kwenye udongo mtupu. Boma ambalo wananchi wameshaliinua lina mawe yake, lina tofali zake, lina nguvu kazi yake ndani. Kilichobaki ni lenta, mbao, bati, milango, sakafu na choo. Kulimalizia ni nafuu kuliko kuanza upya, na kila msimu wa mvua unaopita nafuu hiyo inapungua, kwa sababu ukuta usioezekwa unaliwa na maji kutoka juu kwenda chini. Nimewahi kubonyeza tofali la juu la ukuta wa namna hiyo kwa kidole gumba, likaachia unga.

Kwa hiyo ombi langu kwa madiwani wa mkoa huu ni moja, nalisema bila kuzunguka. Mkishapitisha madarasa manne, kabla ya kupitisha la tano, malizieni boma moja la nyumba ya mtumishi. Anzeni na zile kata ambazo walimu hawakai, mnazijua kwa majina. Na pale mnapoleta nyumba, leteni choo na tanki la maji ya mvua pamoja nayo, maana mwalimu mwenye nyumba isiyo na choo ataomba uhamisho vile vile.

Wapo wanaoniambia, waache wenye nyumba wajenge, mwalimu apange kama wengine. Tunduma na Mlowo hilo linawezekana, japo kwa taabu. Huku vijijini mtu anajenga nyumba ya kulala yeye na wanawe. Chumba cha kupangisha ni kile kilichobaki, cha mtoto aliyeolewa, au stoo iliyofagiliwa. Hatuwezi kuiweka ajira ya serikali kwenye stoo ya mtu na kusubiri matokeo mazuri ya hesabu.

Na wewe unayenisikiliza, usiniachie mimi na diwani. Mkutano mkuu wa kijiji ni kila baada ya miezi mitatu, kwa sheria. Mapato na matumizi yanatakiwa yasomwe pale, na mipango ya mwaka unaofuata inaanzia pale, kabla haijapanda kwenye kamati ya maendeleo ya kata na baraza la madiwani. Jambo ambalo halikuandikwa kwenye muhtasari wa kijiji, hakuna wa kulitetea barazani Vwawa.

Nilikuwa kwenye mkutano wa namna hiyo, chini ya milingoti, siku ya jua kali baada ya mavuno ya kahawa. Ajenda zilikuwa zinaelekea kwenye mengineyo. Mama mmoja wa makamo, kanga begani, akanyoosha mkono. “Mtendaji, shikamoo.” Mtendaji kijana wa watu akaitikia, “Marahaba... aa, shikamoo mama,” watu wakacheka kidogo. Mama hakucheka. Akauliza, “Lile boma la mwalimu, kwenye bajeti lipo au halipo?”

Mtendaji akafungua faili. Akapitisha kidole ukurasa wa kwanza, wa pili, akarudi wa kwanza. Akasema, “Halipo, mama.”

“Basi liandikwe,” mama akasema, na hakukaa. “Liandikwe sasa hivi, tukiona. Tofali lile nilisombea maji mimi.”

Mwenyekiti akamtazama mtendaji, mtendaji akaomba kalamu, na ikapita kutoka mkono mmoja hadi mwingine mpaka ikamfikia. Wakati anaandika, mzee mmoja aliyekuwa amekaa pembeni akaomba naye neno. Akasema maboga yale ni yake, hakuwa na nia mbaya, aliona tu pamekaa bure, na kama wanaleta fundi, wampe wiki mbili avune.